Kichwa na Mkia Mtandaoni, Tumbo Kwenye Kaunta Buku

Lori lilirudi nyuma taratibu mpaka karibu na mwembe wa shule, likamwaga mchanga. Ilikuwa tripu ya tatu siku hiyo, au ya nne, na hapo ndipo ubishi ulipoanzia. Dereva alisema nne, fundi mkuu akasema tatu. Mwenyekiti wa kamati ya mapokezi, mzee mmoja wa baiskeli na koti la mvua, hakuwepo, alikuwa amekwenda kumzika jirani yake. Mwalimu mkuu akafungua kaunta buku lenye madoa ya saruji, akaandika "tripu 4" na kumwachia mzee nafasi ya saini.

Kesho yake asubuhi mzee alipofika, mwalimu alimwahi kabla hajaegesha baiskeli.

"Shikamoo babu. Naomba saini yako hapa, na hapa pia, ya jana."

"Marahaba mwanangu. Jana sikuwepo."

"Najua babu, pole na msiba. Lakini madai yakichelewa mafundi wataondoka."

Mzee akavua miwani, akaifuta kwa pindo la shati, akatia saini mbili kwa kalamu moja.

Wiki mbili baadaye zile tripu nne zilikuwa zimeshageuka tarakimu ndani ya mifumo ya serikali: dai, idhini, malipo benki, kila hatua ikiwa na jina la aliyeidhinisha, tarehe, saa na dakika. Mkaguzi akifungua kompyuta yake ataona mnyororo usiokatika. Msiba hataukuta humo.

Tukio lile hunirudia kila ninapoambiwa kwamba kumbukumbu za kielektroniki na saini za kidijitali zimefunga mianya ya miradi ya halmashauri zetu. Imo mianya iliyofungwa kweli, nami nitaitaja. Lakini mradi wa ujenzi wa halmashauri leo unafanana na samaki aliyeshikwa kichwa na mkia. Kichwa ni zabuni, mkia ni malipo, na vyote viwili viko mtandaoni. Tumbo, yaani ujenzi wenyewe, pale mchanga unapomwagwa, nondo zinapofungwa na bati kupigwa misumari, bado liko kwenye kaunta buku. Na samaki huanza kuharibika tumboni.

Tuanze na kichwa. Mzabuni wa miaka kumi na tano iliyopita alipanda basi la usiku na bahasha iliyofungwa kwa lakiri, nakala halisi moja na nakala za ziada, ili aiwahi saa ya kufunga sanduku la zabuni makao makuu ya wilaya. Basi likiharibika njiani, zabuni imekwisha. Akifika salama, yalikuwepo mengine: kurasa zilizonyofoka baada ya bahasha kufunguliwa, bei iliyovuja, mlinzi wa geti aliyeambiwa asimruhusu mtu fulani kupita kabla ya saa nne. TANePS, mfumo wa zabuni za mtandaoni uliokuja mwaka 2018, ulianza kuondoa hayo. Mwaka 2023 ukaja NeST, uliojengwa na wataalamu wa ndani kwa ushirikiano wa Mamlaka ya Udhibiti wa Ununuzi wa Umma na Mamlaka ya Serikali Mtandao, na kuanzia tarehe 1 Oktoba mwaka huo taasisi za umma zikatakiwa kununua kwa mfumo huo tu. Sheria ya Ununuzi wa Umma Na. 10 ya 2023 ikauwekea msingi wa kisheria. Sasa mkandarasi wa Songea anaomba kazi ya Kibondo akiwa kitandani, na bei yake haifunguki kabla ya saa yake. Anayesema hakuna kilichobadilika hajawahi kulala stendi na bahasha kifuani.

Mkia nao umebadilika. Halmashauri zilihama kutoka Epicor kwenda MUSE, mfumo wa ulipaji wa serikali, na vitabu vya hundi vikaisha kazi. Ushuru na ada vinaingia kwa kontrol namba tangu mfumo wa GePG uanze kutumika mwaka 2017. Barua za ndani na madokezo, kwa ofisi zilizojiunga, vinapita kwenye e-Ofisi, na faili linalotembea kwa sekunde halisahauliki tena juu ya kabati la mtu aliye likizo. Halmashauri ziko 184, na hazijafika zote mahali pamoja. Iko ambayo mkurugenzi anaidhinisha madokezo kwa simu akiwa safarini Dodoma, na iko ambayo dokezo huandikwa kwenye kompyuta, likachapwa, likasainiwa kwa kalamu, likapigwa picha, kisha likarudishwa kwenye kompyuta. Ya pili nayo hujiita ya kidijitali.

Sheria inasema nini juu ya haya? Wengi hudhani sheria ndiyo inayochelewa, na kwa Tanzania hawako sahihi sana. Mwaka 2000, kabla Bunge halijagusa jambo hili, Mahakama Kuu, Kitengo cha Biashara, ilikubali kumbukumbu za benki zilizochapwa kutoka kwenye kompyuta katika shauri la Trust Bank dhidi ya Le-Marsh Enterprises, Jaji Nsekela akiona kwamba mahakama haiwezi kufumba macho wakati biashara yote imehamia kwenye kompyuta. Mwaka 2007 Sheria ya Ushahidi ikafanyiwa marekebisho kwa kesi za jinai. Kisha ikaja Sheria ya Miamala ya Kielektroniki, Na. 13 ya 2015, iliyofuata njia iliyochorwa na sheria za mfano za UNCITRAL za 1996 na 2001: waraka usikataliwe kwa sababu tu ni wa kielektroniki.

Sheria hiyo ina tofauti moja ambayo ofisi nyingi zinaipita bila kuiona. Iko saini ya kielektroniki, na iko saini ya kielektroniki iliyo salama. Ya kwanza yaweza kuwa chochote: jina ulilochapa chini ya barua pepe, picha ya saini yako, alama ya tiki. Ya pili ina masharti. Iwe ya mtu huyo peke yake, imtambulishe, iwe imetengenezwa kwa njia aliyo na udhibiti nayo, na iwe imeunganishwa na waraka kwa namna ambayo waraka ukibadilishwa baadaye, badiliko litaonekana. Pale sheria inapotaka saini, ni hii ya pili inayokidhi haja.

Wazee wetu walisema "tia sahihi". Neno hilohilo ndilo tunalolitumia kwa jambo lililo kweli, na katika shughuli hii maana hizo mbili zinaachana: mtu anaweza kutia sahihi isiyo sahihi, na kompyuta ikaipitisha.

Kinachofanyika kwenye meza nyingi ni hiki. Ofisa alisaini mara moja kwenye karatasi nyeupe, kijana wa TEHAMA akaipiga picha, akaifuta weupe wa nyuma, akaihifadhi kwenye folda. Tangu siku hiyo saini ile hubandikwa chini ya barua kwa kubofya mara mbili. Muhuri nao umepigwa picha, wa bluu, umeinama kidogo upande ili ufanane na uliogongwa kwa mkono. Kwa macho hakuna tofauti. Kwa ulinzi, ni sawa na kuchonga mihuri mia na kuigawa sokoni. Yeyote anayepokea barua hiyo kwa WhatsApp ameipokea na saini pamoja na muhuri, na anaweza kuvihamishia kwenye barua yake kabla chai haijapoa.

Saini ya kidijitali kwa maana ya kifundi ni kitu kingine kabisa, na haionekani kwa macho. Msingi wake uliwekwa na Diffie na Hellman mwaka 1976, kisha Rivest, Shamir na Adleman wakaupatia njia ya kutumika. Mtu anakuwa na funguo mbili zilizozaliwa pamoja: mmoja wa siri anaobaki nao, mwingine wa wazi anaoweza kupewa kila mtu. Kompyuta huukamua waraka wote, hata uwe na kurasa mia tatu, ikapata mfuatano mfupi wa herufi na tarakimu, mithili ya alama ya dole gumba ya waraka wenyewe. Mafundi huiita heshi. Alama hiyo ndiyo inayofungwa kwa ufunguo wa siri. Anayepokea anaifungua kwa ufunguo wa wazi, kisha anaukamua waraka upya na kulinganisha.

Chukua mchanganuo wa gharama wa vyumba viwili vya madarasa, ulioandikwa mifuko 420 ya saruji. Mtu akibadilisha 420 ikawa 480, akaacha kila nukta nyingine mahali pake, alama inayotoka haifanani na ya kwanza hata kwa mbali. Saini inakataa. Kwenye karatasi, mwenye kalamu ya wino uleule huigeuza 2 kuwa 8 kwa mkunjo mmoja, na nimewahi kuona ikifanyika kwenye hati ya mapokezi bila mwandishi hata kukaza mkono.

Nguvu ya saini hiyo basi inategemea jambo moja ambalo hesabu haiwezi kulilinda: ufunguo wa siri unakaa kwa nani? Ndani ya NeST mzabuni na ofisa huthibitisha hatua muhimu kwa neno la siri la saini, tofauti na lile la kuingilia. Wazo ni zuri. Lakini ingia kwenye ofisi yenye watumishi saba na kompyuta nzima mbili, saa kumi na moja jioni siku ya Ijumaa, mwaka wa fedha ukikaribia kufungwa. Mkuu wa idara yuko kwenye kikao cha baraza. Anampigia kijana wa TEHAMA: "Mdogo wangu, niidhinishie ile, nywila yangu unayo." Anayo kweli. Anazo za watu wanne, kwenye karatasi iliyokunjwa chini ya kibodi. Hakuna mwizi kwenye hadithi hii. Yupo bosi aliyechoka na kijana mwenye adabu. Ila kuanzia dakika hiyo mfumo unaapa kwamba mkuu wa idara alisoma na kuridhia jambo ambalo hakulifungua.

Kenya walilipa bei ya tabia hii hadharani. Katika sakata la NYS, yaani Huduma ya Vijana kwa Taifa, mwaka 2015, lililohusu malipo ya shilingi milioni 791, sehemu kubwa ya mjadala iligeuka kuwa juu ya nywila za IFMIS, mfumo wa fedha wa serikali yao: nani alikuwa na nywila ya nani, na miamala ilipitishwa kwa jina la nani. Mfumo ulikuwa na kumbukumbu za kila hatua. Kumbukumbu hizo zikawa chanzo cha ubishi badala ya kuumaliza, maana aliyetajwa alisema ametumiwa jina.

Kuna jambo la utawala linalochochea uazimaji huu, nalo naliona ni zito kuliko uzembe. Utumishi wetu una chombo kidogo cha ajabu kiitwacho "Kny." Barua inaandikwa MKURUGENZI MTENDAJI kwa herufi kubwa, na juu yake mtu mwingine anasaini na kuandika Kny., kwa niaba ya. Herufi tatu na nukta, na madaraka yamehama bila kupotea: msomaji anajua ni nani aliyesaini, na kwa mamlaka ya nani. Halmashauri inaendeshwa na Kny. Mkurugenzi yuko kwenye kikao cha mkoa, mweka hazina yuko kwa wakaguzi, mhandisi yuko barabarani, na kazi inaendelea kwa sababu kaimu yupo.

Saini ya kidijitali haijui Kny. Inamjua mwenye ufunguo tu. Mfumo usipompa kaimu njia rahisi ya kukaimu kwa ufunguo wake mwenyewe, kwa siku zilizotajwa na mipaka iliyotajwa, na njia hiyo ikachukua dakika mbili badala ya barua tatu kwenda makao makuu, watu watafanya lililo rahisi: wataazimana nywila. Ningekuwa na fedha ya kurekebisha kitu kimoja tu upande wa ofisini, ningeanzia hapo kabla ya kununua seva yoyote.

Lakiri ya halmashauri nayo iko njia panda. Chini ya sheria za serikali za mitaa, Sura ya 287 na Sura ya 288, halmashauri ni mtu wa kisheria mwenye lakiri yake, na mkataba mkubwa wa ujenzi ulizoeleka kubeba alama hiyo ya chuma iliyokandamizwa kwenye karatasi, inayosikika kwa kidole hata gizani. Mkataba ukizaliwa ndani ya mfumo, chuma kinakandamiza nini? Wengi wamejibu kwa vitendo: mkataba unachapwa, unapigwa lakiri, unaskaniwa na kupakiwa. Inavuka, lakini zinabaki nakala mbili zinazodai kuwa halisi, na siku ya mgogoro wakili wa kila upande atachagua inayomfaa.

Sasa tumbo.

Tangu serikali ihimize utaratibu wa kutumia mafundi wa mtaani, ambao kila mtendaji wa kijiji anauita fosi akaunti, sehemu kubwa ya ujenzi wa shule na zahanati haina mkandarasi. Shule yenyewe ndiyo mnunuzi, na kamati za wananchi zinasimamia: moja ya ujenzi, moja ya manunuzi, moja ya mapokezi. Gharama zilishuka, hilo linajulikana, na vijana wa kijijini wakapata kazi. Fedha za UVIKO-19 zilipotolewa Oktoba 2021, shilingi trilioni 1.3 kwa jumla, vyumba 15,000 vya madarasa vilijengwa kwa miezi michache, kila kimoja kikipangiwa shilingi milioni 20. Kwa vyumba hivyo, mwalimu mkuu aliyesomea kufundisha hisabati aligeuka ofisa ununuzi, mtunza ghala na mtunza nyaraka, huku vipindi vyake vikimsubiri. Siku hizi shule na zahanati nazo zimeingizwa NeST. Mwalimu anapanda bodaboda mpaka palipo na mtandao, anapakia mahitaji, anarudi na kukuta fundi ameshaazima mifuko kumi dukani kwa maneno, kwa sababu jamvi haliwezi kumwagwa nusu.

Vipimo vyote vya mradi huzaliwa hapa. Hesabu ya tripu. Idadi ya mifuko iliyoshushwa, na iliyotumika. Kina cha msingi kabla haujafukiwa, jambo ambalo likishafukiwa halina shahidi tena ila aliyeandika siku ile. Nondo ya milimita 12 au 10 ndani ya lenta. Bati geji 28 kwenye mchanganuo, geji 30 kwenye paa, na tofauti yake haionekani mpaka msimu wa upepo. Maagizo ya mhandisi, ambaye hufika mara moja kwa wiki mbili, akasema kwa mdomo "ongezeni nguzo hapa", akaondoka na pikipiki. Mabadiliko hayo ya kazi ndiyo yanayobadilisha fedha, na ndiyo yasiyoandikwa.

NeST ina sehemu ya usimamizi wa mikataba, na kwa kazi za wakandarasi cheti cha malipo kinaweza kupitia humo. Lakini cheti kinaandaliwa ofisini kutokana na kitabu cha vipimo kilichojazwa eneo la kazi, na wakati mwingine kilichojazwa ofisini kwa kukumbuka. Saini salama juu ya cheti hicho inathibitisha kwamba mhandisi fulani aliridhia tarakimu fulani siku fulani, na kwamba hazijaguswa tangu hapo. Haisemi kama kuna mtu aliyeshika futi. Uongo uliosainiwa kidijitali ni uongo uliohifadhiwa vizuri sana, usiobadilishika hata kwa nia njema.

Ripoti za Mdhibiti na Mkaguzi Mkuu wa Hesabu za Serikali huimba wimbo mmoja mwaka baada ya mwaka juu ya serikali za mitaa: malipo yasiyo na viambatisho vya kutosha, vifaa vilivyonunuliwa bila kuthibitika kupokelewa, mafundi waliolipwa bila vipimo vya kazi. Soma orodha hiyo taratibu. Yote ni maradhi ya tumboni. Kasoro ya malipo inaonekana mkiani, lakini karatasi iliyokosekana ni ya eneo la kazi.

Tiba yake si ya kigeni wala ya gharama ya kutisha. Simu ya mkononi inajua iko wapi na saa ngapi. Picha ya shimo la msingi lenye futi ndani yake, iliyopigwa hapohapo na kuwekwa saini na simu hiyohiyo kabla haijahaririwa, ingeweza kukaa kwenye simu bila mtandao na kupanda yenyewe simu ikifika penye mnara. Mwenyekiti wa mapokezi angeweza kuthibitisha tripu kwa namba yake ya simu kama anavyothibitisha anapotuma pesa. Mzee wa baiskeli hutuma pesa kwa mjukuu wake kila mwezi na hajawahi kumpa mtu namba yake ya siri. Hilo ndilo linalonishangaza. Watu haohao wanaoazimana nywila za serikali hawaazimani namba za siri za M-Pesa. Wanajua upi ni ufunguo wa mali yao. Ule wa ofisi hawajaambiwa kwa lugha inayoingia akilini kwamba unaweza kuwapeleka mahakamani.

Na wakifika mahakamani? Kifungu cha 18 cha sheria ile ya 2015 kinamtaka hakimu apime mambo: njia iliyotumika kutengeneza, kuhifadhi na kusafirisha kumbukumbu ni ya kuaminika kiasi gani, uzima wake ulitunzwaje, aliyeitoa alitambulikaje. Karatasi yenye saini na muhuri, kwa mazoea, ilijibeba yenyewe. Kumbukumbu ya kielektroniki inahitaji mtu wa kuisimulia: mtu wa kusema mfumo ulikuwa unafanya kazi, nani alikuwa na ruhusa ya kuingia, nakala ilitolewaje. Halmashauri ngapi zina mtu wa kusimama kizimbani na kusema hayo, miaka mitano baadaye, yule kijana wa TEHAMA akiwa amehamia shirika lingine?

Muda wenyewe ni kesi nyingine. Madai ya mkataba yana miaka sita chini ya Sheria ya Ukomo, lakini darasa linatarajiwa kusimama miaka hamsini, na ukuta ukipata ufa mwaka wa ishirini mhandisi atataka kujua msingi ulichimbwa kina gani. Masjala yetu zina kasoro zake, mchwa na mvua, lakini Sheria ya Kumbukumbu na Nyaraka ya 2002 ilizipa utaratibu: faili linafungwa, linapangiwa muda, linahamishwa au linateketezwa kwa kibali. Faili la kielektroniki linaonekana kama halina uzito, kwa hiyo hakuna anayelibeba. Mifumo inapobadilishwa, Epicor kwenda MUSE, TANePS kwenda NeST, zabuni za zamani zinabaki upande wa nyuma, na swali la nani ataweza kuzifungua mwaka 2040 halina dawati.

Hata saini yenyewe inazeeka. Februari 2017 watafiti wa Google na taasisi ya CWI ya Amsterdam walitengeneza mafaili mawili tofauti ya PDF yenye heshi moja chini ya SHA-1, njia iliyokuwa imeaminiwa kwa miaka mingi. Mwaka huohuo Estonia, taifa linalosifiwa kuliko yote kwa mambo haya, lililazimika kusimamisha vyeti vya vitambulisho laki saba na ushee kwa sababu chipu ilizalisha funguo dhaifu. Waliweza kuponya haraka kwa kuwa walijua kila ufunguo uko wapi. Saini ya mkataba wa leo itahitaji kufungwa upya kwa kufuli jipya kila baada ya miaka kadhaa, kama mabati yanavyopakwa rangi, na kazi hiyo inahitaji fungu kwenye bajeti.

Rwanda walichagua kuanzia upande wa ufunguo: mfumo wao wa ununuzi, Umucyo, ulijengwa kwa vyeti vya kidijitali vya watumiaji, na wilaya zake zote zikaingizwa humo. Jina lake maana yake nuru. Nchi ndogo, ngazi chache, amri inafika haraka. Si kila walichoweza kitahama kuja kwetu. Lakini swali la kumpa kila ofisa ufunguo wake wamelitanguliza, sisi tumelitanguliza swali la kumpa kila ofisa mfumo.

Kuna hasara moja ambayo sijawahi kuona ikipigiwa hesabu popote. Kaunta buku, kwa uchafu wake wote, lilikuwa mezani. Mjumbe wa serikali ya kijiji, hata aliyeishia darasa la nne, aliweza kulifungua na kuuliza mbona saruji ya Jumanne haikuandikwa. Mapato na matumizi yalibandikwa ukutani na kusomwa kwenye mkutano mkuu wa kijiji, na palikuwa na bibi mmoja nyuma ambaye hakosi kunyoosha mkono. Mradi ukihamia kwenye mfumo wenye nywila, mkaguzi wa Dodoma anaona zaidi na bibi wa nyuma anaona kidogo. Uwazi umepanda juu, umeondoka chini. Mfumo wowote wa kumbukumbu za miradi ya kijiji usiotoa ukurasa mmoja wa Kiswahili, wa kuchapwa na kubandikwa kwenye ubao wa ofisi ya mtendaji, umeunyang'anya mradi mlinzi wake wa bei nafuu.

Wakati wataalamu wakibishana juu ya funguo, tumbo limejitafutia mfumo wake. Pale shuleni kuna kundi la WhatsApp linaloitwa Kamati ya Ujenzi. Fundi anarusha picha ya nondo kabla ya zege. Muuza duka anatuma risiti. Mhandisi anajibu kwa sauti "ongezeni ringi, umbali umezidi", saa mbili na dakika kumi usiku, na sauti ya mvua nyuma ya ujumbe wake. Humo ndimo nilimoliona jibu la ubishi wa mchanga: picha ya lori likimwaga, imepigwa na mwalimu wa zamu, saa tisa na robo alasiri, na chini yake fundi ameandika "ya tatu hiyo". Ya nne haimo. Kwa kipimo cha kifungu cha 18 hakimu angeweza kuipokea; ina mtumaji, ina saa, ina namba za simu za mashahidi kumi na wawili. Halmashauri haina habari nayo, masjala haina faili lake, na hakuna aliyeagizwa kuihifadhi.

Mwaka uliofuata mwalimu mkuu alihamishiwa wilaya nyingine. Alikabidhi kwa maandishi, mbele ya mratibu elimu kata: funguo za ofisi, leja ya vifaa, muhuri wa shule, kaunta buku mbili. Jioni ile, kwenye simu zetu, ukatokea mstari mdogo wa kijivu katikati ya kioo, jina lake na neno moja: aliondoka.